Tela Tuliloliita Jeneza: Kwenda Sudi Kutafuta Mpira wa Mlango

Tangu turudi sijamaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Kila nikikaa, mtu ananivuta shati: "Athumani, hebu tuambie, ni kweli mlitaka kuzikwa Mchinga?" Mwingine amesikia kwamba Bi Zuhura alilia Sudi. Mwingine amesikia kwamba Mngoni alininyang'anya viatu, nami nikamshukuru. Basi, wenzangu wa darasa la jioni, kwa kuwa sasa sote tunajua kusoma na vyeti tunavyo, nayaandika yote mara moja. Mkishasoma, niacheni ninywe chai.

Kwa wale mlioko Masoko, ambao hamjaliona tela lenyewe, nianze nalo. Zamani kwenye shamba la mkonge alikuwapo mzungu mmoja, fundi wa mitambo, aliyekuwa na ndege isiyo na injini. Msicheke. Ilikuwa ndege ya kweli, yenye mabawa marefu. Ilivutwa na gari kwa kamba mpaka ikaacha ardhi, kisha ikaelea juu kimya kimya kama mwewe anayechagua kifaranga. Ikishatua, mabawa yanachomolewa, kiwiliwili kinalazwa, na vyote vinaingizwa kwenye tela lililofunikwa pande zote, refu, jembamba, lenye mlango mkubwa kwa nyuma unaofunguka kwenda juu. Baada ya Uhuru mzungu akaondoka na ndege yake. Tela likabaki, likaenda wilayani, na wilaya ikakipa kijiji chetu cha ujamaa tuwe tunawekea mbegu. Mimi nasema urefu wake ni kama msikiti wa Ijumaa. Saidi dereva anasema hatua kumi. Chagueni wenyewe.

Kwa umbo lile, watu waliliita Jeneza tangu siku ya kwanza. Na jina likishika, limeshika. Hakuna aliyependa kukaa ndani. Mtu aliingia ameinama, akatua gunia, akatoka haraka kana kwamba ameitwa na mkewe.

Mwaka jana mbegu za ufuta za kijiji kizima zililowa humo ndani, zikaota kwenye magunia. Tulifungua mlango tukakuta bustani. Mtunza ghala wetu ni Bi Zuhura Mtopa, mama wa makamo, mwenye ufunguo wa tela shingoni usiku na mchana. Bwana Likungwa, makamu wa mwenyekiti, ambaye hajawahi kukosa la kusema mkutanoni, alisimama akasema kwa ufasaha mkubwa kwamba Bi Zuhura alikwenda kwenye ngoma ya unyago Kiranjeranje akaacha mlango wazi mvua ikinyesha. Bi Zuhura alisema aliufunga, ila mpira wa kuzibia kandokando ya mlango umekufa, umepasuka kama kisigino cha mkulima. Mkutano haukumsadiki. Tulilima ufuta wa kuazima kijiji cha jirani, na wenzetu hao hawakutusahaulisha hata siku moja.

Mwaka huu uamuzi ulikuwa huu: Bi Zuhura aende mwenyewe Lindi na tela lile lile, alete mbegu za msimu. Mpira autafute huko huko njiani. Mbegu zikifika kavu, ufunguo ni wake. Zikifika zimelowa hata gunia moja, aukabidhi ufunguo mbele ya watu wote, na ile habari ya unyago ndiyo itakayobaki. Mimi nilitumwa kama katibu, kuandika taarifa. Nami nikiri hapa hapa: siku ya kupiga kura ya kutomsadiki, mkono niliunyosha.

Kiranjeranje hadi Mto Mbwemkuru

Tuliondoka asubuhi watatu: Saidi kwenye usukani wa trekta, mimi na Bi Zuhura tumekaa juu ya vile vifuniko vya magurudumu, kila mmoja upande wake, tunatikiswa kama mchele kwenye ungo. Saidi ni Mmwera, mpole, na watu wanamwita Taratibu. Trekta lilikuwa linamfaa. Nje ya Kiranjeranje kuku mmoja alitupita, akasimama kudonoa, akatupita tena.

Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa bara. Bi Zuhura alilitazama.

"Saidi mwanangu, hili trekta halina mwendo mwingine?"

"Upo mwendo mwingine, mama. Wa polepole."

Kwa kuogopa mvua ya ghafla kabla hatujapata mpira, tulikuwa tumelifunika tela kwa turubai la kijani tuliloazima ofisini, tukalifunga kwa kamba. Lilitupendeza. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Mbwemkuru tulivuka bila taabu. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu na vidimbwi viwili vitatu ambavyo hata chura angevionea huruma. Nilitia mguu nikacheka. Kumbukeni kwamba nilicheka.

Mchinga

Sasa fikirini. Ninyi mmekaa barazani Mchinga, mmetoka kuswali adhuhuri. Mnaona trekta linakuja kwa mwendo wa huzuni kabisa. Nyuma yake kitu kirefu, chembamba, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Mbele wamekaa watu watatu wamejaa vumbi, na mama mmoja kainamisha kichwa kwa sababu shingo imemchoka. Mngefanya nini?

Walisimama. Aliyekuwa anacheza bao aliacha kete mkononi. Mmoja akaja nyuma ya tela, akaweka mkono, akatembea nalo. Mnajua thawabu ya kulisindikiza jeneza hata hatua chache. Wakaja wawili, wakaja kumi. Nilipogeuka nyuma niliona Mchinga nzima, ukiacha wagonjwa. Nikadhani ni mapokezi. Nikawapungia mkono.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alinitazama kwa masikitiko makubwa. "Pole sana, mwanangu," akaniambia. "Lia tu. Usijikaze hivyo."

Saidi, ambaye hakusikia kitu kwa kelele za trekta, aliona watu wanamwelekeza njia, akafuata. Wakatuelekeza mpaka msikitini. Kufika, maji yameshatekwa, na imamu amesimama mlangoni akiuliza maiti ni mume au mke.

Saidi akazima trekta. Ukimya ule, jamani.

"Sheikh," Bi Zuhura akasema, akishuka, "hakuna maiti."

"Hakuna maiti?"

"Hakuna. Ni tela la mbegu. Na mbegu zenyewe bado hatujachukua."

Yule mzee wa kofia akalizunguka tela zima, akainua pembe ya turubai. "Basi mbona mnakwenda kwa mwendo wa msiba?"

"Ndio mwendo wake," Saidi akajibu kwa unyonge. "Hata nikilikimbiza."

Palitokea kicheko ambacho nadhani walikisikia Unguja. Lakini kina mama walikuwa wameshaanza kutoka na vyombo, kwani msiba haungoji. Imamu akasema chakula kilichokwisha kutoka jikoni kwa nia njema hakirudi. Tukalishwa ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, moto, yenye ule utamu unaokwama kwenye meno, na samaki wa kuchoma. Mimi nilikula ming'oko arobaini na mbili. Bi Zuhura hakula sana. Aliuliza kila mtu kama mpira wa mlango unapatikana Lindi.

Lindi Mjini

Haupatikani. Tulizunguka maduka ya vipuri mpaka nikajua majina ya paka wao. Mnajua hali ya vitu siku hizi: ukiulizia betri unaambiwa wiki ijayo, ukiulizia wiki ijayo unaambiwa imeshapita. Katika duka la mwisho muuzaji alinisikiliza vizuri sana.

"Tela la gari gani, ndugu?"

"Si la gari. La ndege."

"Ndege ipi?"

"Isiyo na injini."

Akaweka kalamu chini. Akawaita wenzake wawili kutoka stoo. "Hebu rudia, ndugu, na hawa wasikie."

Nikarudia.

"Mpira wa ndege isiyo na injini umekwisha jana," akasema, "pamoja na ule wa meli isiyo na tundu na baiskeli ya kuogelea."

Wakacheka, nami nikacheka, maana dhihaka ile ilikuwa na haki yake. Bi Zuhura hakucheka. Alitoa kwenye pindo la khanga kipande cha mpira wa zamani, kimekauka, akakivunja mezani kama biskuti.

"Mwanangu," akamwambia, "kwa ajili ya hiki watu wanasema nimelewa ngoma nikaacha mbegu za watoto wao mvuani. Kama huna, niambie sina. Nitaondoka."

Yule kijana aliona haya. Akaacha meza yake akatutoa nje, akatuonyesha njia kwa kidole. Kama mpira wa kununua hakuna, akasema, nendeni Sudi. Kuna mzee Mngoni anayetengeneza viatu vya katambuga kwa matairi na mipira ya ndani ya malori. Mpira ukimshinda huyo, umeshindikana.

Sudi

Tukapita Mingoyo, tukashuka Sudi siku ya pili. Harufu ya mabibo ya mikorosho yaliyoiva ilikuwa nzito hata ungeweza kuikata ukaiuza kwa kipande. Mzee Bakari Ngonyani tulimkuta nje ya nyumba ya mkewe, amezungukwa na matairi, kisu mkononi. Alikuja pwani zamani kufanya kazi ya mkonge, akaoa Sudi, akabaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu wa wapi?"

"Kilwa. Kule upande wa Kiranjeranje."

"Kabila?"

"Huyu Mmwera," nikasema, nikimwonyesha Saidi. "Mimi na mama huyu Wamatumbi."

Mzee akaweka kisu chini polepole. Akainua mikono juu. "Alhamdulillahi! Miaka yote nimekaa hapa na watu wapole, sina wa kumtukana! Mke wangu njoo uone, watani wamekuja kwa miguu yao!"

Hapo nikajua tumekwisha. Sisi Wamatumbi na Wangoni ni watani, na utani hauna mahakama ya rufaa. Anachokuchukulia mtani hukasiriki. Anachokuambia hukasiriki pia.

"Babu zenu," akaanza, hata kiti hajatupa, "walipotuona tunakuja na ngao waliingia mapangoni. Mmetoka lini?"

"Tulipoambiwa mmeziuza ngao mnakata viatu," Bi Zuhura akamjibu hapo hapo.

Mzee akapiga kofi kwa furaha. Niliona uso wa Bi Zuhura umefunguka kidogo kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Kisha akaliona tela. Tulikuwa tumeshaondoa turubai, kwa adabu tuliyojifunza Mchinga, lakini umbo halifichiki.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mzee."

"Mmatumbi anazunguka nchi na jeneza tupu? Mnamngoja nani?" Akavua kofia, akanipa niishike. "Basi nimekufa mimi. Fungueni nizikwe."

Mnazijua desturi za watani msibani: huteremka kaburini kabla ya maiti, hulala, na hawatoki mpaka wamekombolewa kwa kitu. Saidi alianza kusema, "Mzee, humo hamfungwi mtu," lakini mzee alikuwa ameshaingia. Alitambaa mpaka mbele kabisa, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Sasa fungeni mlango! Mmeona wapi maiti analala mlango wazi kama duka?"

Tukafunga. Bi Zuhura akajifunga khanga kiunoni, akalia kilio cha utani kikasikika ufukweni: "Uwii! Mngoni wangu! Panya wa Sudi sasa wataliwa na nani!" Majirani wakatoka, wakaitikia, na mke wa marehemu akalia kuliko wote huku akijishika mbavu.

Ndani kimya. Kimya kikazidi. Saidi akaanza kusoma dua ya kweli. Halafu tukasikia ngumi kwenye ubavu wa tela, mbele.

"Nyie Wamatumbi! Kaburi gani hili lenye dirisha?"

"Dirisha gani?" nikauliza.

"Hapa kichwani kwangu! Nuru inaingia kama uzi!"

Hapakuwa na dirisha. Tulikwenda mbele wote watatu, tukatazama. Ubavuni, karibu na kule trekta linakovutia, tulikuwa tumeandika jina la kijiji kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, nzuri, nilizichora mwenyewe. Mzee akapitisha kutoka ndani ncha ya kisu chake, na kisu kikatokea nje katikati ya herufi zangu. Akakikokota kwenda juu, akakizungusha, akakirudisha. Rangi ikabanduka. Kilikuwa kimlango kidogo, cha ukubwa wa mlango wa banda la kuku. Bila shaka mzungu alikitumia kuishika pua ya ndege yake. Nasi tulikipaka rangi tukakisahau. Mpira wake haukuwa umepasuka. Haukuwapo.

Na lile tela huwa tunalisimamisha likielekea kule mvua inakotoka.

Mwaka mzima watu wote wa kijiji waliukagua mlango wa nyuma. Waliupima, waliupiga, waliunusa. Aliyejifungia ndani kwenye giza akatazama hakuwapo hata mmoja, kwa sababu nani angejifungia kwenye Jeneza?

Mzee alitoka akidai fidia ya kufufuka, lakini aliponyamaza alimwona Bi Zuhura.

"Nifungieni na mimi," alisema Bi Zuhura.

Akaingia, tukafunga. Alikaa humo muda wa kuiva chungu cha kunde. Tulipofungua, pindo la khanga lilikuwa machoni.

"Mwaka mzima," alisema. Kisha akaniangalia. "Katibu, andika."

"Niandike nini, Bi Zuhura?"

"Andika kwamba hakuna aliyeingia kutazama."

Nikaandika. Halafu nikasema, maana ningekaa nalo mpaka lini, "Bi Zuhura, na mimi siku ile mkono niliunyosha."

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa mstari wa pili."

Hakuongeza neno. Ningependa angeongeza.

Kazi ilianza baada ya chakula, na chakula kilikuwa pweza wa nazi na muhogo, nami sitaki kukieleza msije mkahama wote. Mzee Ngonyani alichukua mpira wa ndani wa tairi la lori, akaloweka kisu kwenye maji ya sabuni, akaanza kukata ukanda upana wa vidole vitatu, akizunguka, akizunguka, bila kuinua kisu. Mpira ukaisha, ukanda ni mmoja tu, mrefu, haujakatika popote. Nasema ungefika Mtwara. Tulikwangua mabaki ya ule wa zamani, yaliyoganda kama masizi ya chungu, tukasugua bati kwa msasa mpaka likang'aa. Mzee akaulaza ukanda juu ya kamba ya usumba wa nazi, akaukunja, akaugandisha kwa ile solusheni ya kuzibia pancha. Ukawa mnene kama kidole gumba, ukiubonyeza unarudi.

"Kwa nini kamba ya usumba, mzee?" nikauliza.

"Kwa sababu mpira mtupu ukibanwa unalala kama Mmatumbi baada ya kula. Usumba unausukuma uamke."

Kwenye pembe hakukata, aliuzungusha. Na pale ncha mbili zilipokutana, alilaza ya juu juu ya ya chini, kama makuti ya paa, ili maji yakishuka yasipate pa kuingilia. Kimlango cha mbele akakifanyia vivyo hivyo, na nikaiona kazi ya herufi zangu ikiondoka yote. Sikulalamika.

Mlango wa nyuma sasa ulikataa kufunga, kwa unene wa mpira mpya. Tuliusukuma kwa migongo wanaume watano mpaka komeo likaingia. Kisha akasema, "Sasa afe Katibu." Nikafungiwa. Kina mama wa Sudi wakamwaga maji juu na ubavuni, madebe na madebe. Kule ndani palikuwa na giza ambalo sijawahi kulijua, na kelele kama mvua ya Nabii Nuhu. Nilisoma Ayatul Kursi mara saba. Nilipapasa kila pembe. Kavu. Kavu kama koo langu.

Tulipouliza ujira, mzee alinitazama miguu. Nilivaa vile viatu vyangu vyeusi vya ngozi, nilivyopokelea cheti. Akavivua mwenyewe, akavijaribu, akatembea navyo mbele ya mkewe. "Ukombozi wa maiti," akasema. Akanivalisha katambuga. Basi nikamwambia ahsante. Ningefanyaje? Mtani ni mtani.

Lindi hadi Mbwemkuru, Kurudi

Tulipakia magunia arobaini ya mbegu za ufuta Lindi, Bi Zuhura akafunga, akavaa ufunguo. Mvua ilitukuta tumepita Mchinga, ambako safari hii watu walitupungia na kuuliza kama maiti amepatikana. Haikuwa mvua ya kunyesha. Ilikuwa mvua ya kumwagwa.

Mbwemkuru, ule mto niliocheka, ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti. Maji mekundu, yanakwenda na magogo. Tukakaa pale siku mbili pamoja na lori la korosho, mama mmoja na kuku wake sita, na fundi cherehani aliyebeba cherehani kichwani na hataki kuitua kwenye tope. Tuligawana kila kitu. Mama wa kuku alichinja wawili, fundi cherehani alikuwa na mchele, dereva wa lori alikuwa na sufuria na maneno.

Maneno yake yalikuwa juu ya tela. "Mbegu zinahitaji hewa, mama. Hizo zinatoka jasho humo ndani. Fungueni kidogo muone."

Nami nitasema kweli, niliwashwa. Siku ya pili mvua ikipiga lile bati, nilianza kusikia matone ndani. Niliyasikia kabisa, tu, tu, tu.

"Bi Zuhura," nikasema, "tufungue kidogo tu, nitie mkono."

Alikuwa ameketi kwenye chuma cha kuvutia, chini ya turubai, sikio ameliegemeza kwenye ubavu wa tela.

"Mwaka jana walisema nilifungua mvuani," akasema. "Mwaka huu nifungue mvuani kweli?"

"Lakini ikiwa yanaingia?"

"Kama yanaingia yameshaingia, Katibu. Nitajua huko huko kijijini, pamoja na watu wote."

Akaushika ufunguo shingoni. Nikamletea chai. Sikuuliza tena. Yale matone, niliyafuatilia baadaye, yalikuwa yanatoka kwenye turubai yakidondoka kwenye kofia ya Saidi.

Kijijini

Maji yalipopungua tulivuka, Saidi akisoma dua kwa sauti na trekta likikohoa. Tulifika alasiri, manyunyu bado. Kijiji chote kilikuwa kimekusanyika mbele ya ofisi, kwani trekta letu husikika saa nzima kabla halijaonekana. Mbele amesimama Bwana Likungwa na mwavuli.

"Karibuni," akasema. "Tumekuja kuona."

Bi Zuhura alishuka, miguu imekufa ganzi. Akavua ufunguo shingoni, akampa. "Fungua wewe."

Bwana Likungwa hakutarajia. Akaweka mwavuli chini, akafungua komeo, akauinua mlango, mimi na Saidi tukaushikilia. "Ingia mpaka gunia la mbele kabisa," Bi Zuhura akamwambia. "Tia mkono mpaka kwapani."

Akainama, akaingia. Tulisikia anagonga kichwa mara mbili. Bi Zuhura alikuwa anatazama chini, midomo inakwenda bila sauti.

Bwana Likungwa alirudi nyumanyuma, amefumba ngumi. Akaifumbua mbele ya watu. Ufuta uliolowa hung'ang'ania kiganja kama siafu. Huu ulimwagika kati ya vidole vyake, ukaisha, haikubaki hata punje.

"Mkavu," akasema.

"Sema kwa nguvu!" akapiga kelele mama mmoja. "Wa nyuma hatusikii!"

"Mkavu!"

Nikasoma taarifa yangu pale pale, kile kimlango, ile rangi, herufi zangu, na kwamba hakuna aliyeingia kutazama. Na jina langu nilikuwa nimelitia: mstari wa pili, mkono juu. Kisha Bwana Likungwa akamwendea Bi Zuhura.

"Bi Zuhura. Mwaka jana sikusema vizuri."

"Ulisema vizuri sana, Bwana Likungwa. Mkutano mzima ulikuelewa. Ila hukusema kweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe." Akatunyooshea kidole mimi na Saidi, tuliokuwa bado tumeuinua ule mlango. "Hawa wamechoka, wamesafiri. Njoo ushike hapa, usije ukamwangukia mtu. Watu washushe mbegu."

Akaja, akaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Ufunguo ulikuwa bado kwake, na mkono wa kuurudisha hakuwa nao, basi akaubana kwa meno. Magunia arobaini yakapita chini ya kwapa zake, moja moja, Bi Zuhura akiyahesabu bila haraka yoyote, manyunyu yakidondoka. Na kwa mara ya kwanza tangu kijiji chetu kianzishwe, mkutano ulifika mwisho bila Bwana Likungwa kuongeza neno.